Nimempeleka mama loji ya kifahari Serengeti, mwenyewe kaiita "kifuta jasho"

Mwana wa Busega

Wakuu salaam. Uzi utakuwa mrefu, chukua stuli. Hesabu za pesa nimeziweka baadaye kidogo, najua wapo watakaoruka moja kwa moja hadi huko.

Mimi mtu wa Lamadi, siku hizi nahangaika na duka la vifaa vya ujenzi Mwanza. Anayeijua Lamadi anajua pa kuiweka: unatoka Mwanza kwa lami unaelekea Bunda, Ziwa Victoria liko kushoto, hifadhi iko kulia, na geti la Ndabaka liko palepale barabarani. Nimekua nikiona magari ya wageni yakikata kona kuingia kulia. Sisi tulikuwa tunaenda moja kwa moja, kwenye gulio.

Mama yangu ni muuguzi mstaafu, miaka 71. Serengeti kaipita mara mbili katika maisha yake, zote kwa basi la Arusha, dirisha limefungwa kwa sababu ya vumbi na jirani wa kiti kabeba kuku. Lakini wanyama wenyewe anawajua kuliko mtalii yeyote. Mwaka 2017 tembo waliingia shambani kwake usiku mmoja, ekari mbili za mahindi yaliyokuwa yanakaribia kukauka, asubuhi amebaki na mabua. Walichoacha walikikanyaga.

Kwa wasiotoka pembezoni mwa hifadhi: mazao yakiliwa na wanyamapori serikali hailipi fidia, inatoa kitu kinaitwa kifuta jasho. Mnyama akijeruhi au kuua mtu kinaitwa kifuta machozi. Kifuta jasho kinapimwa kwa ekari na kwa umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi. Mama alijaza fomu, akapiga na picha, akaambiwa shamba lake liko karibu mno na mpaka, hapo hakuna kitu. Tangu siku hiyo kwake tembo ni mdaiwa.

Sasa mwaka jana mwezi wa nne nikamwambia: mama, nataka tukalale Serengeti siku mbili, mahali pazuri. Akaniangalia.

"Kwa wale wezi?"

Nikamwambia ndiyo, kwa wale wezi. Akafikiri kidogo, akauliza kama chakula kipo ndani ya bei.

Hesabu Kali

Nimeweka kiti. Ila taja bei mapema tujue kama tunasoma hadithi au tunasoma dharau.

Mwana wa Busega

Taratibu mkuu, inakuja.

Tuliondoka Mwanza wiki ya mwisho ya Mei, saa moja asubuhi, na Kruza ya kukodi na dereva wake. Kwa sisi wa Kanda ya Ziwa hii ndiyo siri ambayo watu wa Dar hawaijui: hatuna haja ya kuzunguka Arusha, Karatu, geti la Loduare, Ngorongoro, ndipo ulikute geti la Naabi la kuingilia Serengeti. Kutoka Mwanza hadi Ndabaka hata saa tatu hazifiki. Getini hawapokei pesa taslimu, unatengenezewa namba ya malipo ya serikali unalipa kwa simu au benki. Raia wa Afrika Mashariki mtu mzima ilikuwa Sh 10,000, na VAT inakuwa 11,800, kwa saa 24. Mgeni wa nje ilikuwa dola 70 kabla ya VAT. Beba kitambulisho cha NIDA, usije na stori.

Ukanda huo wa magharibi una udongo mweusi unaonata, huo ambao kwetu Usukumani ndio hasa tunauita mbuga. Kwa wengine neno hili ni la watalii, kwetu ni jina la udongo. Mvua ikinyesha gari linacheza kama liko kwenye mlenda. Sisi masika yalikuwa yanaishia, tulikwama mara moja tu, na mama akashuka kutuelekeza tukate matawi gani. Dereva akamtii.

Nyumbu walikuwa ndio wanaanza kufika. Mpangilio wao kwa ufupi: mwanzo wa mwaka wako kusini, Ndutu, wanazaa. Masika wanapanda kaskazini-magharibi, mwezi wa tano na wa sita wako huku magharibi, Grumeti, halafu kuanzia mwezi wa saba wako kaskazini kwenye Mto Mara, zile picha za mamba mnazozijua. Ni zaidi ya milioni moja. Ukiwaona unaanza kusikia kabla hujaona, sauti kama vyura wa bwawani, uwanda mzima.

Mbung'o walitupokea pia. Mama alivaa kitenge cha bluu, na mbung'o bluu na nyeusi ndizo rangi anazozipenda. Gari zima walimwona yeye tu. Akatupa darasa la malale kuanzia dalili ya kwanza hadi ya mwisho, dereva akapandisha vioo bila kuambiwa.

Tukafika loji. Sitaitaja jina, na sababu ndiyo hii inayofuata.

Dereva wetu alikuwa kavaa shati jeupe la ofisi na miwani. Mimi fulana na kofia ya timu. Tumeshuka, wamekuja wahudumu na sinia la vitambaa baridi vinavyonukia mchaichai, wakampa dereva. Wakampa mama. Mimi kijana mmoja wa mapokezi akanionyesha kwa kidole, kwa upole kabisa: "Kaka, madereva ni kule nyuma, chakula chenu kipo tayari."

Wakuu, nimelipa mwenyewe, kwa pesa ya misumari na saruji.

Nilikuwa najipanga niseme kitu, mama akaniwahi. Akakinusa kile kitambaa, akamuuliza kijana: "Hivi mnavichemsha au mnavisuuza tu?" Kijana akababaika. "Mgeni ni huyu. Mimi ni mama yake. Yule mwenye miwani ndiye dereva, naye ana njaa, mpeni chakula, na kitambaa abaki nacho." Meneja akaja kuomba radhi, jioni ile wakatuletea keki. Radhi niliipokea. Ila nakiri mpaka leo nikikumbuka kile kidole masikio yanapata moto.

Kruza ya Kijani

Mkuu pole, ila nimecheka. Mimi ni dereva wa utalii, mwaka wa 14 huu barabarani. Hilo la kuchanganywa linatokea kila wiki, na mara nyingi anayemchanganya mwenzie ni sisi weusi wenyewe. Mzungu akifika na kandambili anaitwa sir.

Na huko "nyuma" msikudharau. Kambi ya madereva ndipo habari zote zilipo: simba wameonekana wapi, daraja gani limezama, nani kapasua rejeta. Ugali wa huko unapikwa na mtu anayejua kwamba kesho unaendesha saa kumi.

Halafu hili neno la kazi yetu. Wageni wanatuita guide, sisi tukitamka inakuwa gaidi. Mke wangu tukiwa wachumba nilimwambia kwa simu "niko na magaidi wenzangu tunakula". Alikata.

Mwana wa Busega

😂 Huyo mke kavumilia mengi.

Tuendelee. Kabla ya kupewa funguo unasaini karatasi kwamba umeelewa loji haina uzio, wanyama wanapita, na likikukuta la kukukuta hakuna wa kudaiwa. Mama alisoma yote, mistari yote, na miwani. Akauliza: "Kwa hiyo tembo akila mahindi yangu hakuna wa kudaiwa, na akinila mimi hapa pia hakuna wa kudaiwa?" Kijana wa mapokezi akasema, mama, ni utaratibu tu. Akasaini.

Chumba chenyewe ni hema, ila usifikirie hema la msibani. Sakafu ya mbao imeinuliwa juu ya nguzo, kuta za turubai zito, ndani vitanda viwili, kila kimoja ukilala katikati huoni kingo, beseni la kuogea la shaba mbele ya dirisha la wavu, bafu lingine nje chini ya mti. Umeme wa jua. Televisheni hakuna, na mimi nilidhani nitaumia, sikuikumbuka hata mara moja. Kila kitu kimewekwa uangalie nje: kitanda kinatazama mto, beseni linatazama mto, choo kinatazama mto. Kwenye miti ya mtoni kulikuwa na mbega, wale weusi wenye mkia mweupe, kule Seronera katikati ya hifadhi huwaoni, wako huku Grumeti.

Giza likiingia hutembei peke yako hata hatua kumi. Unaita kwa redio, anakuja askari na tochi anakusindikiza kwenda kula, na kukurudisha. Usiku wa kwanza alikuja kijana wa Kisukuma wa Magu, hakuwa anajua tunatoka wapi. Mama akamsalimia tu kumjaribu: "Mwadila." Yule kijana tochi ilitaka kumdondoka. "Mwadila, mayu!" Basi kuanzia hapo sisi hatukuwa wageni tena. Tulikuwa tunasindikizwa polepole, na habari za Magu zote tukazipata, mvua, bei ya pamba, nani kafa.

Akatuonyesha kwa tochi njia ya kiboko, majani yamelala, inapita kati ya hema letu na la jirani. Kiboko mchana wote yuko majini, usiku anatoka kula majani, na njia yake haibadilishi kwa sababu mtu kajenga. Saa nane usiku nikamsikia. Anang'oa majani kwa midomo, kwacha, kwacha, kama mtu anachana shuka, hatua tatu kutoka kichwani mwangu, kati yetu turubai. Sikupumua. Nikanong'ona: mama, umesikia? Akajibu kutoka kitanda cha pili, sauti ya kawaida kabisa: "Lala. Anakula majani, hali watu wa Lamadi."

Hesabu Kali

BEI MKUU.

Mwana wa Busega

Haya. Bei ya raia, msimu wa chini, milo yote: Sh 620,000 kwa mtu kwa usiku. Wawili kwa siku mbili, 2,480,000. Gari, dereva na mafuta siku tatu, 1,350,000. Kiingilio sisi wawili, saa 48, 47,200. Bakshishi laki na nusu. Jumla milioni nne na ishirini na saba elfu na mia mbili. Niliweka kwenye kibubu cha simu miezi 19.

Mambo niliyojifunza kwenye bei: ile ya mtandaoni ni ya dola na ni ya mgeni. Usiogope, piga simu, uliza "bei ya raia" kwa maneno hayohayo, na uliza tena kwa mwezi wa nne au wa tano. Bei inaweza kushuka hadi ukadhani umesikia vibaya. Kambi nyingine zinafunga kabisa masika, ndiyo maana zilizobaki wazi zinatafuta watu. Pia uliza nini kimo ndani. Kuna ya milo tu, kuna ya vyote pamoja na vinywaji na gari lao la kuzungukia wanyama. Sisi tulikuwa na gari letu, tukachukua ya milo. Soda moja baadaye nikaiona kwenye bili, nikaamua kunywa maji.

Hesabu Kali

Milioni nne!! Kwa siku mbili. Mkuu, hiyo Kisesa unapata mahali pa kuanzia kiwanja. Mama angekaa kwenye kiwanja chake akaangalia mbuzi.

Mwana wa Busega

Mama ana kiwanja. Ana na shamba. Ndiko tembo walikokula.

Bibi Harusi wa Zamani

Hesabu Kali muache mwenzio. Sherehe za kitchen party na send-off zinakula hela kubwa kuliko hiyo kwa usiku mmoja, na mtu anarudi nyumbani na kuku mkavu kwenye foili.

Mimi niongeze kwa wanaofikiria Ngorongoro: nililala loji ya ukingoni juu mwezi wa saba. BARIDI. Ukingo uko zaidi ya mita 2,000 juu, asubuhi ukungu huoni hata gari lako. Nilipanda kitandani nikagusa kitu cha moto chini ya shuka, nikaruka nikapiga kelele hadi askari akaja. Chupa ya maji ya moto, wanaiweka jioni wewe ukiwa unakula. Beba sweta la kweli, si la mapambo.

Mtoto wa Ruwi

Assalam alaikum jamaa. Niko Muscat, babu zetu Unguja. Nataka kuleta watoto waone Serengeti. Je, sisi tunaozungumza Kiswahili tunapata hiyo bei ya raia? Na chakula cha halali kipo?

Kruza ya Kijani

Waalaikum salaam. Bei inafuata pasi, ndugu yangu, haifuati lugha. Ukiwa na pasi ya Oman ni mgeni wa nje, hata ukighani utenzi getini. Halali ipo sana, wapishi wengi wa loji nilizopita mimi ni watu wa Tanga, Kondoa na Visiwani. Sema wakati wa kuweka nafasi, usisubiri mezani.

Ukija kwa ndege ndogo hadi viwanja vya ndani ya hifadhi, mizigo kwa kawaida ni kilo 15, na begi liwe laini. Sanduku la magurudumu halikunjiki, watakuachia Arusha. Mifuko ya plastiki iache hukohuko, imepigwa marufuku tangu Juni 2019.

Mwana wa Busega

Sasa nifike kwenye kitu ambacho hakikuwa kwenye bei, na ndicho kilichonilipia.

Madereva wanazungumza redioni kwa mafumbo ili mgeni asijue kinachofuata, wasije wakaahidi simba halafu simba kaondoka. Wa kwetu simba dume alikuwa "sharubu", chui "madoa ya juu", duma "madoa ya chini". Mzungu anaona gari linageuka tu ghafla, anakuta chui mtini, anapiga ukelele wa furaha. Sisi tunaelewa kila kitu! Redio inasema "madoa ya juu kwenye mgunga wa pili, kalala, mkia nje", mama anasema: "Haya, chui huyo, kata kushoto." Dereva akalalamika kwamba tumemmalizia kazi. Siku ya pili akawa anazima redio.

Na jioni ya pili tulipanda gari la loji. Walikuwa na nafasi, wakatukaribisha bure, nadhani kile kidole kilikuwa bado kinawasumbua. Tulikuwa na mzee na mkewe kutoka Ujerumani, watu wazuri, walikuwa wanakuja kwa mara ya sita. Tukakuta familia ya tembo, majike na watoto, wanavuka mbele yetu bila haraka. Kimya. Yule bibi wa Kijerumani akaanza kutokwa machozi. Akamgeukia mama, akamuuliza kupitia kwa kijana wa loji anayetuongoza: unajisikiaje kuwaona?

Mama akamtazama yule jike mkubwa kwa muda. Akasema: "Mwambie yule wa mbele, mwenye sikio lililochanika, nina deni naye la ekari mbili."

Yule kijana akameza mate. Akamgeukia bibi wa Kijerumani, akasema kwa Kiingereza safi: "She says they are very big."

Nilijikunja nyuma ya kiti. Mama Kiingereza cha wodini anakijua vizuri sana. Akampiga kijana kofi la bega: "Sikusema hivyo." Ikabidi atafsiri upya, yote, ekari, fomu, mpaka. Mzee wa Kijerumani akaacha kamera. Wakaanza kuuliza maswali: mahindi mangapi, mlifanya nini, mnawafukuzaje. Mama akawaeleza vitambaa vilivyochovywa pilipili na oili chafu vinavyotundikwa kwenye kamba kuzunguka shamba, madebe, kulala shambani zamu kwa zamu. Tembo wamevuka zamani, gari limesimama palepale, giza linaingia, kijana anaangalia saa kwa sababu sheria ya hifadhi haikuruhusu kuzurura usiku. Nadhani wale wazee walikuja mara tano wakaona tembo. Hii ya sita wakaona na upande wa pili wa uzio usiokuwepo.

Wa Rongai

Nawasalimia kutoka Kenya. Hadithi ya mama imenigusa. Huku kwetu Maasai Mara ni ikolojia hiyohiyo moja, nyumbu hawana pasi. Kiingilio cha mgeni wa nje kwenye hifadhi kimepanda, dola 100 Januari hadi Juni, 200 Julai hadi Desemba. Lakini ninachotaka kusema ni kuhusu konsavansi zinazozunguka hifadhi, kama Naboisho, Olare Motorogi, Mara North. Ile ardhi ni ya familia za Wamaasai, kambi zinawalipa kodi. Kwa hiyo mwenye ardhi akiona tembo anaona pia kodi ya nyumba. Na kule wanaruhusu kutembea kwa miguu na kuzunguka usiku, hifadhini huwezi. Mama angekuwa na ekari zake huko angekuwa mwenye nyumba, si mdai.

Kruza ya Kijani

Nasi tuna jumuiya za hifadhi za wanyamapori. Hapo hapo magharibi ipo Ikona, vijiji vitano, Robanda na wenzake, kambi za kitalii ziko kwenye ardhi yao na mapato yanapita kwenye jumuiya. Tatizo ni kwamba kijiji kisichokuwa ndani ya jumuiya kinapata tembo tu.

Mwana wa Busega

Umelisema. Sisi tumepata tembo tu.

Niwape la chakula maana kuna watu wamenitumia ujumbe wanauliza. Asubuhi kifungua kinywa porini, meza imewekwa chini ya mgunga, kitambaa cheupe, mpishi anakaanga mayai huku swala wanamtazama. Mchana vitu vya majani na jibini. Usiku sahani kubwa, chakula kidogo, katikati, kimechorewa mstari wa mchuzi. Mama alikula kwa adabu usiku wa kwanza. Wa pili akamwita mhudumu: "Mwanangu, nyinyi wenyewe mnakula nini huko ndani?" Akaambiwa ugali na dagaa. "Basi huo."

Uliletwa! Umewekwa kwenye ile sahani kubwa, ugali umefinyangwa duara, dagaa wa Mwanza juu, na ule mstari wa mchuzi ukawepo. Mpishi mkuu akatoka mwenyewe kuangalia nani kaagiza. Meza ya pili wakaomba na wao. Kama unakwenda loji na mzazi, usione haya kuomba, jikoni wanafurahi kuliko unavyodhani.

Bakshishi: kuna sanduku mapokezi, inagawanywa kwa wote hadi wafua nguo. Ya dereva unampa mkononi. Yule askari wa Magu nilimpa yake pembeni, akataka kuikataa.

Msomaji Kimya

Nimesoma kimya kimya tangu mwanzo. Mkuu, kuna mahali uligusia kifuta jasho halafu hukurudi. Mama aliisema lini?

Mwana wa Busega

Asubuhi ya kuondoka. Tulikuwa tunakimbizana na saa, kiingilio kilikuwa kinaisha saa nne kamili. Mimi nafunga mabegi, yeye yuko kwenye lile beseni la shaba, amejaza maji hadi shingoni, anatazama mto. Nikamwambia mama tunachelewa. Akasema: "Ngoja. Kifuta jasho changu kimechelewa miaka chungu nzima, na wewe unanihesabia dakika?"

Tulilipa saa 24 nyingine. Sh 11,800 kwa kila mmoja, iongezeni kwenye ile jumla, Hesabu Kali.

Hesabu Kali

Nimeiongeza. 4,050,800. Na dereva hakukutoza nusu siku?

Mwana wa Busega

Hakutoza. Alikuwa kambini kwa wenzake, anakula.

Bibi Harusi wa Zamani

Mimi swali langu dogo tu. Kwa mama wa Kisukuma kusafiri siku tatu bila kubeba chakula chake, siamini.

Mwana wa Busega

Umenibana 😂 Sikutaka kulisema. Kwenye karatasi ya loji imeandikwa wazi usiweke chakula chumbani. Mama alikuwa na mfuko wa matobolwa kwenye begi, chini ya Biblia, hakuniambia. Kwa wasio wa kwetu: viazi vitamu vilivyochemshwa vikakatwa vikaanikwa, ukitafuna kimoja kinakufikisha Shinyanga.

Siku ya pili mchana tumerudi, zipu ya hema imefunguliwa kiasi cha mkono. Tumbili watatu barazani, wamekaa kwenye viti vya wageni, kila mmoja na tobolwa lake, wanatafuna. Mkubwa wao alikuwa ameshika mfuko. Askari akaja akawafukuza kwa manati isiyo na jiwe, wakaondoka wakitutukana. Meneja alikuja tena, safari hii mama ndiye aliyeomba radhi.

Ila mpishi aliokota yaliyobaki sakafuni, akanusa, akauliza yanatengenezwaje. Wiki mbili baadaye mama kapeleka kilo tatu Ndabaka, kamkabidhi dereva mmoja anayeingia. Kaandika juu ya mfuko kwa kalamu nene: KWA JIKONI, SI KWA TUMBILI.